Moyo wa uzi wenye marinda, na mikono ya kijana mwanaume



Mwezi huu ukurasa wetu wa Kazi ya Mikono unaanza na barua. Imeandikwa na kijana wa miaka 19. Jina lake tunaliweka, na mji wake pia, kwa sababu papa yake anasoma gazeti hili. Tulimjibu kwanza kwa barua, maana arusi haingoji gazeti. Lakini nilipomaliza kuandika jibu nikaona kwamba nyumba nyingi zina jambo kama hili, na tena mambo aliyouliza yanafaa wote wanaoshika kroshe. Ndiyo sababu tunayaleta hapa.

Kijana huyu alipata diplome yake ya Serikali mwaka jana. Tangu siku ile anapeleka barua za kuomba kazi, kompania moja nyuma ya ingine, na hakuna jibu. Mama yake ni fundi wa kroshe. Anafanya naparon za fotei, vitambaa vya meza, kofia za watoto wachanga. Sasa mama amepata komande kubwa: mioyo midogo 120 ya uzi, mekundu na meupe, yenye marinda pembeni, ya kufunga kwa pini katika nguo za wageni siku ya arusi. Shida iko wapi? Vidole vya mama vinavimba. Asubuhi hawezi hata kukunja mkono. Akifanya mioyo 2 kwa siku, siku ya tatu analala na maumivu.

Kijana anajua kroshe. Tangu utoto alikuwa anakaa chini ya kiti cha mama na kushika uzi. Basi akaanza kumsaidia usiku, mlango umefungwa. Usiku mmoja papa akafungua mlango. Akamkuta na uzi mwekundu kwa vidole. Papa akasema neno moja tu: “Mwanaume hashike kroshe mu nyumba yangu.” Akazima taa.

Anatuuliza maulizo mawili. La kwanza: ni vibaya mwanaume kufanya kazi hii? La pili: juu ya nini marinda ya mioyo yake yanalala kama sahani, hayasimami kama ya mama?

Nitajibu yote mawili. Tena nitajibu la tatu, lile hakuliuliza. Alitaja bei katika barua, akapita haraka. Ile bei ndiyo iliyonizuia kulala.

Tuanze na ulizo la kwanza. Nani alisema kwamba uzi ni wa wanawake? Wasomaji wetu wengi ni wana na wajukuu wa watu waliotoka Kasai kuja kufanya kazi ya shaba. Waulizeni wazee juu ya Wakuba. Kitambaa cha Wakuba cha majani ya rafia kinajulikana dunia nzima, kinawekwa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Ni nani anayekifuma? Wanaume ndio wanaofuma kitambaa chenyewe. Nyuma yake wanawake wanakipamba kwa sindano, wanatia nyuzi na kuzikata mpaka zinakuwa laini kama ngozi ya mnyama. Kazi moja, mikono ya namna mbili. Na huko kando ya Mweru na ya Lualaba, ni nani anayekaa pwani na kutengeneza wavu uliopasuka? Mvuvi mwenyewe, mwenye ndevu. Wavu ni nini? Ni uzi na vifundo. Hakuna mtu anayemcheka mvuvi.

Basi fikira kwamba sindano na kroshe ni za wamama tu ilitoka wapi, hapa kwetu? Kwa sehemu kubwa ilitoka katika makambi. Zamani za ukoloni, Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilipanga maisha yote ya wafanyakazi: nyumba, posho, hospitali, masomo. Wanaume na vijana wao walifundishwa chuma na mashini. Wake zao waliitwa katika foyer social kufundishwa kushona, kufuma, kupika, kuosha mtoto. Mimi sitasema mabaya juu ya foyer social. Mafundi wazuri wa kroshe tulio nao walifundishwa na mama zao, na mama zao au bibi zao walifundishwa pale. Lakini mambo mawili yaliingia pamoja: ufundi wenyewe, na mpaka uliochorwa katikati ya mwanaume na mwanamke. Ufundi tumeutunza. Na ule mpaka, tumeutunza pia bila kuuliza ulikuwa wa nini. Ulikuwa mpango wa kompania uliofaa kompania, wakati kila mwanaume wa kambi alikuwa na mshahara.

Wakati ule umepita, sisi wote tunajua. Mwaka 2003 ulipoanza mpango wa kuondoka kwa hiari katika Gécamines, watu zaidi ya 10,000 waliacha kazi. Katika nyumba hizo ni nani aliyeweka sahani mezani miaka iliyofuata? Mara nyingi ni mama, na meza yake ya maandazi, na shamba lake la mahindi, na kroshe yake. Papa mwenye kusoma hapa, unajua kama nasema uongo.

Lakini wewe kijana, sikia. Papa yako nimwelewe, nawe umwelewe. Mwanaume aliyefanya kazi ya chuma miaka 20, akarudi nyumbani mikono mitupu, anaona mwana wake mwenye diplome anashika uzi usiku. Moyoni anasema: hata mtoto wangu amekosa. Si kroshe aliyoikataa. Aliogopa kile alichofikiri kroshe inamaanisha. Kwa hiyo usishindane naye mbele ya wadogo wako, wala usirudi kujificha. Kazi ya kujificha inaonekana kama wizi hata ikiwa ni halali. Mwombe mama yako azungumze naye kwanza. Kama haitoshi, mpelekee baba mkubwa au mzee mmoja wa ukoo anayemheshimu. Na wewe mwenyewe umwombe papa kazi moja: akutengenezee kroshe.

Ndiyo, ni kazi yake kabisa! Kroshe ya dukani inapotea, na ile ya bei ndogo inakwaruza uzi. Chukua waya mnene wa chuma, kama ule wa gurudumu la kinga. Mtu anayejua lima anaweza kukata mdomo mdogo karibu na ncha, halafu analainisha kwa msasa mpaka hakuna mahali panaposhika ukipitisha pamba. Kwa uzi mwembamba waya wa kinga unafaa. Kwa uzi wa moyo huu unahitaji kitu kinene zaidi, milimeta 3 hivi. Papa wa chuma atajua mahali pa kupata chuma hicho kuliko mimi.

Sasa kazi yenyewe. Wasomaji wasiojua kroshe washike sindano na uzi karibu, maana kusoma tu hakutafundisha mkono.

Kwanza majina, kwa sababu mafundi wetu wanataja vitu hivi kwa Kifaransa na kila mtu anatamka yake. Hapa nitasema hivi. Kitanzi ni kile cha mnyororo: unashika uzi kwa kroshe na kuuvuta ndani ya kitanzi kilichopo. Kitanzi cha kufunga: unaingiza kroshe mahali, unavuta uzi, unaupitisha kwa yote mara moja. Bridi fupi: unaingiza kroshe, unavuta uzi, sasa una vitanzi 2 kwa kroshe, unavipita vyote 2 pamoja. Bridi: mbele ya kuingiza kroshe unazungusha uzi mara 1, unavuta, una vitanzi 3, unapita 2, halafu 2 tena. Bridi ndefu: unazungusha uzi mara 2 mbele ya kuingiza, unavuta, una vitanzi 4, unapita 2, na 2, na 2. Ni hayo tu. Mwenye kujua hayo matano anaweza kufanya kitambaa cha meza ya watu 12.

Moyo unaanza na pete. Zungusha uzi kwa kidole mara moja, mkia upite chini, uache mkia wa sentimeta 10. Usiukate mfupi zaidi, utanikumbuka. Vuta uzi kwa kroshe ndani ya pete. Sasa fanya vitanzi 3. Hivyo vinapanda juu na kuwa upande wa moyo karibu na lile bonde la katikati. Halafu, yote ndani ya pete ile ile: bridi ndefu 3, bridi 3, kitanzi 1, bridi ndefu 1, kitanzi 1, bridi 3, bridi ndefu 3, vitanzi 3. Maliza kwa kitanzi cha kufunga ndani ya pete. Kila bridi ikumbatie pete pamoja na mkia wake. Mara ya kwanza mtu anaona kitu kama sikio la mbuzi na anataka kufumua. Usifumue. Vuta mkia polepole. Pete inajifunga, na moyo unatokea: ile bridi ndefu moja ya katikati inakuwa ncha ya chini, zile 3 za kila upande zinakuwa mabega.

Wengine wanaanza kwa vitanzi 4 vilivyofungwa, bila mkia wa kuvuta. Ni rahisi zaidi lakini unabaki na tundu katikati, na moyo wenye tundu haupendezi kwa arusi!

Mzunguko wa pili ni wa kuimarisha. Ni bridi fupi peke yake. Unatoka bondeni: bridi fupi 3 katika ule upande wa vitanzi 3. Juu ya bridi ndefu 3, tia 2 kwa kila moja, ni 6. Juu ya bridi 3, tia moja moja. Katika kitanzi kilichofuata, 1. Juu ya ncha, 3 mahali pamoja, ili ncha isipotee. Kitanzi cha pili, 1. Halafu unapanda upande mwingine namna ile ile: moja moja katika bridi 3, mbili mbili katika bridi ndefu 3, na 3 katika upande wa vitanzi. Funga bondeni. Hesabu sasa. Ukipata 29 uko njiani. Ukipata 28 au 30, si kitu kwa moyo mmoja, lakini kwa mioyo 120 inayokaa pamoja macho ya watu yataona.

Mzunguko wa tatu ndio marinda, ile washonaji wetu wanaita volanti. Hapa ndipo kijana wetu alipopotea, na si yeye tu. Aliandika kwamba anatia bridi moja juu ya kila bridi fupi, na mbili hapa na pale “ginsi macho inaona”. Ndiyo sababu inalala.

Fikiri hivi. Chukua kamba na uizungushe kando ya sahani. Kamba ikilingana na kando ya sahani, inalala sawasawa. Ikiwa fupi, itavuta sahani juu kama kingekuwa kitambaa, iwe kama bakuli. Ikiwa ndefu mara mbili, itakwenda wapi? Haina mahali. Inapanda na kushuka, inapanda na kushuka. Marinda si kitu kingine. Ni urefu uliokosa nafasi. Wanaofanya vitambaa vya mviringo wanajua jambo hili hata kama hawakulisoma: kwa bridi fupi, ukiongeza 6 kila mzunguko kitambaa kinalala, ukisahau kuongeza, kinakuwa kofia, ukiongeza kupita kiasi, kinaanza kukunjamana.

Na vijana wanaopenda hesabu wajue kwamba jambo hili liliingia mpaka chuo kikuu. Mwaka 1997 mwalimu mmoja wa hesabu, mama Daina Taimina, mzaliwa wa Latvia aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alitaka kuwaonyesha wanafunzi wake namna ya uso ambayo wataalamu wa hesabu walikuwa wanaizungumzia tangu zaidi ya miaka 150, uso unaopanuka kila mahali kuliko karatasi inavyoweza kulala. Watu walijaribu kuutengeneza kwa karatasi, ikapasuka. Yeye alichukua kroshe. Akaongeza vitanzi kwa kipimo kimoja, mstari juu ya mstari, na ukatokea mkononi mwake ukiwa na marinda kila upande. Basi mtu akikuambia kroshe ni mchezo wa wasiosoma, unalo la kumjibu.

Turudi kwa moyo wetu. Kipimo ni hiki: bridi 3 kwa kila bridi fupi, bila kubahatisha. Lakini katika bonde, yale marinda ya kulia na ya kushoto yakigusana yanafunika umbo, na moyo unakuwa ua la kabichi. Kwa hiyo bridi fupi ya kwanza na ya mwisho hazipati kitu ila kitanzi cha kufunga. Zinabaki 27. Panda kwa vitanzi 3, ambavyo vinahesabika kama bridi ya kwanza, tia bridi 2 mahali pale pale, kisha 3 kwa kila moja inayofuata. Ukimaliza una bridi 81. Ukitia 2 badala ya 3 unapata mawimbi madogo, yanafaa kwa moyo wa kupachika kwa nguo ya mtoto. Ukitia 4, uzi unakwisha na marinda yanakuwa mazito mpaka moyo wenyewe hauonekani. Tatu inatosha.

Kama mwenye arusi anataka rangi mbili, geuza rangi kwa mzunguko wa mwisho tu. Uzi mweupe pembeni: bridi fupi 3, halafu vitanzi 3 vya kurudi mahali pale pale vikifungwa, halafu bridi fupi 3 tena. Kwa bridi 81 unapata meno 27, hakuna kinachobaki. Ndiyo sababu napenda hesabu hii.

Mikia yote miwili ya uzi uipitishe kwa sindano nyuma ya moyo, uende mbele na urudi nyuma. Ile pete ya mwanzo ikifungwa kwa haraka, itafunguka siku ya kufuliwa.

Sasa ile bei. Kijana aliandika kwamba mama amekubali franka 500 kwa moyo mmoja. Mama mpendwa, kama wewe pia unasoma, karibu tuhesabu pamoja. Bei za uzi zinageuka kila soko, kwa hiyo hizi zangu ni za mfano tu, tia zako. Tuseme kidonge kimoja cha gramu 50, ile wauzaji wanaita peloti, kinatoa mioyo 15. Kwa mioyo 120 unahitaji vidonge 8. Tuseme kidonge ni franka 4,500. Uzi ni franka 36,000. Mnunuzi atatoa 120 mara 500, ni 60,000. Inabaki 24,000. Unafikiri ni faida? Bado. Fundi mwepesi anafanya moyo mmoja kwa nusu saa, pamoja na kupitisha mikia. Mioyo 120 ni saa 60. Gawanya 24,000 kwa 60. Ni franka 400 kwa saa moja ya macho, ya mgongo na ya vidole vilivyovimba. Na hatujahesabu uzi uliokatika, wala taa ya usiku, wala tiketi ya kwenda sokoni.

Tena angalieni marinda. Moyo mtupu na mzunguko wake wa pili una vitanzi 42: 13 vya ndani na 29 vya pembeni. Marinda peke yake ni 81. Ni kusema mapambo yale ambayo mteja anaomba kwa mdomo mmoja, “tia na kamarinda kidogo, mama”, ni karibu mara mbili ya moyo mzima. Na wanaomba bila kuongeza kitu! Moyo bila marinda una bei yake, na moyo wenye marinda una yake. Mwambieni mteja mbele ya kuanza, kwa upole, mkionyesha miwili mezani. Kwa mfano ule ule, kama bei ingekuwa 1,000, ingebaki 84,000, ni 1,400 kwa saa. Bado si utajiri, lakini fundi anapumua.

Na usianze hata kitanzi kimoja bila avansi. Uzi wa arusi ya watu wengine usitoke katika chakula cha watoto wako. Nusu mbele, nusu siku ya kuchukua. Wengine wetu tunaona haya kusema hivyo kwa ndugu wa kanisa moja. Kwa nini haya? Yule anayekodi viti na ile muziki ya arusi hawezi kuvileta bila avansi, na hakuna anayemkasirikia. Najua mama huyu alikwisha kukubali 500, na neno lake ni neno lake. Amalize hii kwa bei ile, na kwa arusi inayofuata aseme bei mpya. Ila avansi ya uzi bado anaweza kuiomba, hata leo.

Mtu atasema: hizi ni kazi ndogo, hazikuokoa mtu yeyote. Si kweli. Katika nchi ya Ireland, ugonjwa wa viazi ulileta njaa kuu tangu mwaka 1845 mpaka 1852. Watu karibu milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni wakaikimbia nchi. Upande wa Cork, masista Waursulini walikuwa wanafundisha wasichana kroshe. Mwaka 1847, katika mji mdogo wa Clones, mke wa mchungaji Mprotestanti wa pale, Cassandra Hand, alileta mwalimu wa kroshe kwa ajili ya jamaa zilizokuwa na njaa. Walitumia uzi mwembamba na kroshe ndogo, wakafanya maua na majani mmoja mmoja, kisha wakaviunga kuwa kola na mikono ya nguo, vitu vilivyouzwa kwa wenye mali mbali na mji wao. Hata leo kuna kifundo cha kroshe kinachoitwa kwa jina la Clones. Tena katika kazi ile hawakukaa wasichana peke yao. Njaa haichagui.

Jambo moja la Clones linafaa sana kwa kijana wetu: hakuna aliyefanya nguo nzima peke yake. Nyumba hii ilifanya ua, nyumba ile jani, na mwingine aliunga. Basi mioyo 120 iende hivyo. Mama, mwenye jicho la fundi lakini vidole vibovu, achague na kukagua tu. Kijana afanye mioyo na mizunguko miwili ya kwanza. Dada yake, kama anajua, afanye marinda, ili mkaze wa mkono uwe mmoja kwa mioyo yote. Mikono miwili tofauti katika marinda inaonekana mara moja, mmoja anakaza, mwingine anaachia. Na mama apeleke vidole vyake kwa dispanseri. Vidole vinavyovimba asubuhi na kukataa kukunjika si uchovu tu, muganga aviangalie.

Inabaki kusimamisha marinda, maana uzi wa pamba peke yake unalegea. Usinunue dawa ya dukani, unga wa mihogo uliopepetwa vizuri unafaa. Kijiko 1 kikubwa katika nusu glasi ya maji baridi, koroga mpaka hakuna madonge. Mimina polepole ndani ya glasi 2 za maji yanayochemka, ukikoroga, mpaka maji yale meupe yanakuwa kama kioo. Chuja kwa kitambaa. Yakipoa kidogo, zamisha moyo, ukamue bila kuupinda, uweke juu ya ubao wenye kitambaa. Shika ncha na mabega kwa pini zisizo na kutu. Pini yenye kutu inaacha alama ambayo haitoki tena. Halafu tia kidole ndani ya kila wimbi la marinda, moja moja, ulisimamishe. Acha likauke kabisa mbele ya kuondoa pini.

Lakini mbele ya maji yoyote, jaribu uzi mwekundu. Kata kipande, kiloweshe, kikaze ndani ya kitambaa cheupe. Kikiacha rangi, osha uzi wote mwekundu kwanza mpaka maji yanatoka safi, halafu ndipo uanze kufuma. Kuna fundi mmoja wa mtaa wetu ambaye mioyo yake yote meupe iligeuka ya waridi usiku wa kuamkia arusi. Mwenye arusi alisema anaipenda hivyo. Si kila mwenye arusi atasema hivyo.

Na vumbi letu mnalijua. Kolwezi, Likasi, Kipushi, popote magari ya mawe yanapopita, uzi mweupe unakuwa wa kahawia kwa siku mbili. Tia kidonge ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, toboa tundu dogo, uzi utoke pale. Mioyo iliyokwisha ihesabiwe kumi kumi na kufungwa katika karatasi safi. Marinda yakiwa yamekauka, usiyakandamize: panga moyo mmoja uso juu, mwingine uso juu, na usiweke kitu kizito.

Mwezi ujao, wapenzi, tutafanya naparon ya fotei, ile ya mananasi ambayo wamama wa Lubumbashi wametuomba mara tatu. Mtafute kroshe nyembamba ya milimeta 1 na nusu na vidonge 2 vya uzi mweupe. Na wanaotaka kutuma sampuli za mioyo yao kwa ofisi yetu, watie katika bahasha ngumu, maana ile tuliyopokea mwezi uliopita ilifika kama chapati.